Unga wa Misuli: Vijiko Viwili vya Adrian

Tangu tulipoachana wiki iliyopita, ndugu zangu, Daktari Eva bado amesimama pale pale wodini, mkono mmoja ameshika kopo jeusi alilolitoa ndani ya begi la nguo za mtoto, macho yake yakiwa kwenye kitanda namba sita.

"Nauliza kwa mara ya mwisho," alisema. "Nani amempa mtoto huyu unga huu?"

Kitandani alilala Adrian, mwaka mmoja na miezi minane, mtoto wa pekee wa Sairowua na Laurencia. Uso wake ulikuwa umevimba mpaka macho yamebaki kama mistari miwili. Ukibonyeza mguu wake kwa kidole, shimo lilibaki pale pale, kama umebonyeza unga uliokandwa.

Sairowua alikuwa ameegemea ukuta. Karatu yote ilimjua. Picha zake za kutangaza unga wa misuli zilibandikwa kwenye nguzo za umeme kuanzia stendi mpaka barabara ya kupandia Ngorongoro. Kabla: mlinzi mwembamba aliyeshuka kutoka Endulen kutafuta kazi. Baada ya miezi mitatu ya vyuma na unga wa misuli: dume la ng'ombe.

Alifungua kinywa kujibu. Mke wake akamtangulia.

"Ni mimi, Daktari."

"Wewe, mama?"

"Mimi. Nilitaka anenepe."

Bibi Sabina, mama mzazi wa Laurencia, alikuwa amefika asubuhi ile kutoka Endamarariek na kikapu cha mayai. Aliinuka kwenye benchi kama aliyekalia msumari.

"Nilijua! Sikukwambia umlete nyumbani anywe uji wa mahindi na maharage? Ukanijibu nini? Eti mume wangu ana maziwa ya kizungu! Haya, ndiyo hayo! Mtoto kavimba kama mfuko wa maji!"

"Mama, tafadhali."

"Usiniite mama! Unamuua mjukuu wangu, halafu unaniita mama!"

Sairowua alimtazama mke wake, naye mke wake hakumtazama. Hapo akaelewa. Daktari Eva alikuwa amesema tangu mwanzo kwamba jambo hili litafika polisi. Laurencia alikuwa amepima moyoni mwake: mama mwenye mtoto mgonjwa atahurumiwa, mwanamume mwenye mwili ule atafungwa pingu.

Uongo ule ulikuwa zawadi. Kuipokea ilikuwa rahisi mno. Kunyamaza tu, basi.

Akanyamaza. Tusiharakishe kumhukumu, ndugu zangu. Hata Petro, aliyetembea na Bwana miaka mitatu, alikana akiwa anaota moto.

Adrian akakoroma kidogo, kama mtu anayetaka kusema na hana pumzi.

"Anadanganya," alisema Sairowua. "Ni mimi."

"Baba Adrian, nyamaza," alinong'ona Laurencia.

"Sinyamazi. Vijiko viwili, Daktari. Kimoja asubuhi, kimoja jioni. Mwezi mzima, tangu mama yake alipomleta kutoka Endulen."

"Kwa nini?"

Sairowua alitafuta maneno. Kiswahili chake cha shule kilimkimbia.

"Kule kwetu Umasaini moran hanywi maziwa peke yake. Ukinywa peke yako, wewe si mtu. Lazima mwenzako wa rika awepo. Nilipokuja Karatu nilimwambia Kocha wa jimu, siwezi kunywa dawa za kutunisha mwili. Akasema, hii siyo dawa, ni maziwa. Basi. Nachanganya maziwa yangu chumbani, mtoto amekaa ananitazama, mbavu zote nje. Sina rika hapa mjini. Ningefanyaje? Nikamgawia." Alimtazama mwanawe kitandani. "Yeye akawa rika langu."

Bibi Sabina alikaa chini polepole. Mama wa kitanda cha jirani alijifuta macho kwa ncha ya kanga.

Daktari Eva alishusha kopo.

"Umemgawia kwa upendo, naona. Lakini nisikilize, baba. Mtoto aliyekonda namna ile ni moto uliobakia majivu. Unaupuliza taratibu, unaweka nyasi, halafu vijiti. Wewe umeutupia gogo. Hata huu unga ungekuwa safi, ni chakula cha mtu mzima anayenyanyua vyuma. Figo za huyu haziuwezi."

Laurencia aliinua kichwa. "Ungekuwa safi?"

"Tazama hapa chini, mama. Tarehe imepita miaka minne. Kopo limetumika, likajazwa upya. Kilichomo sikijui." Akaligusa shavu la Adrian kwa nyuma ya kidole. "Na mtoto wenu hakunenepa. Huu si mnofu, ni maji. Protini peke yake haivimbishi uso hivi kwa mwezi mmoja. Kuna dawa imesagwa humu. Presha yake inashuka tangu alfajiri, na nikibahatisha dawa, naweza kumuua kwa sindano yangu mwenyewe."

"Una muda gani?" aliuliza Sairowua.

"Nitamshikilia mpaka saa sita. Baada ya hapo sina ahadi. Nani alijaza kopo hili?"

"Kocha Valeriani."

"Mpigie."

Simu iliita mara mbili tu. Muziki ulilipuka sikioni mwake.

"Simba wa Endulen! Uko wapi, mwanangu? Uwanja umefurika, wanakungoja wewe!"

"Kocha, lile kopo lina nini ndani?"

"Lina wewe ndani!" Valeriani alicheka, akakata.

Mara ya pili simu iliita mpaka ikachoka. Mara ya tatu ilikuwa imezimwa.

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na nusu. Laurencia alimshika mume wake mkono, na kucha zake zikazama kwenye misuli ile iliyosifiwa na mji mzima.

"Usirudi bila jibu," alisema.

*

Alikimbia kwenye lami, jua likiwa kali na vumbi jekundu likimwingia mdomoni. Magari ya watalii yalikuwa yamepanga foleni kituo cha mafuta kabla ya kupanda kreta ya Ngorongoro. Mtalii mmoja alitoa kichwa juu ya paa la gari akampiga picha. Kwenye kila nguzo alikutana na yeye mwenyewe, anacheka, amekunja mkono. Kabla. Baada. Kabla. Baada.

Uwanjani watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye miti. Bango kubwa lilisema MBABE WA KARATU. Juu ya lori lililoshushwa ubavu alisimama Valeriani, suruali nyeupe, miwani ya jua, kipaza sauti mkononi. Alikuwa kijana wa Buger aliyekwenda Arusha kutafuta maisha, akarudi baada ya miaka miwili na vyuma vya jimu na ulimi wa asali.

"Huyo hapo!" alipiga kelele. "Nimewaambia atakuja, sikuwaambia?"

Umati ulilia kwa shangwe. Sairowua alipanda lori kwa hatua moja.

"Kocha, mtoto anakufa."

Tabasamu la Valeriani halikutoka, ila macho nyuma ya miwani yalisimama. Alifunika kipaza sauti kwa kiganja.

"Mtoto gani?"

"Wangu. Adrian. Nilimpa unga."

"Nani alikwambia umpe mtoto?"

"Nani alinikataza? Ulisema ni maziwa!"

"Umetaja jina langu hospitali?"

"Daktari anataka kujua kilichomo, basi. Niambie, niondoke."

Valeriani aliutazama umati. Aliyatazama makopo meusi yaliyopangwa mezani chini ya lori. Halafu akakitazama chuma kilicholala katikati ya jukwaa, sahani zake pana kama magurudumu.

"Nyanyua kwanza," alisema.

"Unasemaje?"

"Hawa wote wamekuja kukuona wewe. Kilo mia na sitini. Mara moja tu. Ukinyanyua, nakwambia kila kitu. Usiponyanyua, mimi sijui kopo, sijui unga, sijui mtoto. Litabaki neno lako na langu."

"Nitakuvunja shingo."

"Vunja. Halafu utamuuliza nani?"

Ilikuwa saa tano na robo. Kilo mia na arobaini ndizo Sairowua alizowahi kunyanyua, tena siku alizokuwa na afya. Yeye naye alikuwa hajanywa unga tangu juzi, na tangu hapo mwili wake ulikuwa na baridi asiyoielewa.

"Anaogopa!" kijana mmoja alipaza sauti kutoka mtini. "Mwili wa upepo huo!"

"Mpeni chupa anyonye kwanza!"

Kicheko kikazunguka uwanja. Sairowua aliinama, akakishika chuma. Hakuomba ushindi. Aliomba hivi: Ee Bwana, nguvu hizi sijui kama ni zako au ni za yule mwovu. Niachie dakika moja. Baada ya hapo zichukue zote.

Akavuta.

Chuma hakikusogea.

"Mwili wa upepo!"

Akavuta tena. Kitu kilikatika chini ya mgongo wake, akakisikia kama kamba mbichi inavyokatika. Maumivu yalimpanda mpaka kwenye meno. Lakini chuma kiliachana na mbao, kikapita magoti, na Sairowua akasimama wima, machozi yakimchuruzika mbele ya watu mia tano.

Uwanja ulilipuka. Valeriani alikuwa tayari.

"Mmeona kwa macho yenu! Sikuwadanganya! Huyu alikuja hapa kama ufito wa kibanda! Unga wa misuli, wazee! Wa baba, wa mama, wa familia nzima! Makopo yaliyobaki ni arobaini tu!"

Watu walisukumana kuelekea mezani. Sairowua aliangusha chuma, akashika magoti yake, akatazama chini. Waliosukumana hawakuwa vijana wa jimu tu. Kulikuwa na akina mama wenye watoto mgongoni, watoto wenye shingo nyembamba kama ya Adrian siku ile aliposhuka kutoka Endulen.

Alinyanyua chuma ili amwokoe mwanawe. Kumbe ameuza makopo arobaini.

"Haya," alisema. "Sema."

Valeriani alimsogelea sikioni, bado anaupungia umati mkono.

"Ni maziwa ya ndama. Yale ya unga, ya mfuko, yanayouzwa maduka ya mifugo. Humo nasagia vidonge vya kunenepesha."

"Vidonge gani?"

"Deksa. Vile vyeupe vidogo. Acha kunitolea macho, kila mtu anavitumia. Umeona nani amekufa?"

Kiangazi kilichopita Sairowua alizika ndama kumi na wawili kwa mikono yake, hana hata tone la kuwapa. Sasa alikuwa amemlisha mwanawe chakula cha ndama na vidonge asivyovijua, tena kwa furaha, akimwita rika langu.

Hakuwa na muda wa kulia. Alipiga simu. Laurencia alipokea kabla haijaita.

"Mpe Daktari! Daktari, ni maziwa ya ndama na deksa!"

"Deksa." Sauti ya Daktari Eva ilibadilika. "Alipewa mara ya mwisho lini?"

"Juzi asubuhi. Alipoanza kutapika tukaacha."

"Ee Mungu wangu. Mmeacha ghafla, ndiyo maana. Sikiliza, baba. Mwili ukizoea hiyo dawa, unasahau kujisimamia wenyewe. Ukiikata siku moja, unazimika kama taa. Presha inaanguka, mtoto analala, na haamki. Nesi! Lete ile ya kwenye kabati la pili! Haraka!"

Alisikia viatu vikikimbia. Alisikia chuma kikigonga chuma. Halafu sauti ya Laurencia, ndogo kabisa.

"Wanamchoma sasa. Sali, Baba Adrian."

Akasali hapo hapo, simu sikioni, muziki ukipiga, watu wakigombania makopo.

Daktari Eva alirudi. "Amechomwa. Sijui kama tumewahi, tutajua ndani ya saa moja. Wewe nawe umeinywa muda gani?"

"Miezi mitatu."

"Basi nusu ya mwili huo unaojivunia ni maji, na wewe ni mgonjwa wangu. Sasa nijibu. Kuna mwingine aliyekula huo unga?"

Sairowua alitazama meza. Makopo yale hayakuanza kuuzwa leo.

"Wapo, Daktari."

"Asiuache ghafla hata mmoja wao. Waje hapa leo hii, watoto kwanza. Kila saa ni ya kupigania. Umenisikia?"

Miguu yake ilitaka hospitali. Ni nani angemlaumu? Jibu alishalipata, sindano imeshaingia, mwanawe huenda anavuta pumzi za mwisho bila baba pembeni. Ngazi ya lori ilikuwa hatua mbili tu.

Aligeuka akamnyang'anya Valeriani kipaza sauti, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Acheni kununua!" Spika zilipiga mluzi, watu wakaziba masikio. "Mnanijua. Mimi ndiye wa kwenye nguzo. Unga huu nilimpa mwanangu vijiko viwili kwa siku. Mlikutana naye sokoni mkanisifu, mtoto kanawiri, hongera. Hakunawiri. Alikuwa anavimba. Yuko hospitali, hajui kama mimi ni baba yake."

"Ametumwa na jimu la Arusha huyo!" alipiga kelele mtu mmoja.

"Teremka!"

Ganda la chungwa lilimpiga begani. Valeriani alikuwa anacheka kwa nguvu ili kila mtu acheke. Sairowua hakuondoka.

"Mwenye mtoto aliyekula unga huu, anyooshe mkono. Usione aibu, mimi aibu yangu nimeshaisema. Na usiseme utaacha kumpa leo, maana kuacha ghafla ndiko kunakoua. Nyoosha mkono, twende hospitali."

Hakuna mkono. Muziki ulikuwa umezimwa, na bendera za plastiki zilisikika zikipigwa na upepo.

Kisha mkono mmoja ukapanda, hapo hapo mezani, nyuma ya makopo.

Ulikuwa mkono wa mwanamke aliyekuwa akiuza tangu asubuhi, kijana, mpole, kanga ya njano imemfunga mtoto mgongoni. Watu walisogea ili wamwone vizuri, na minong'ono ikaanza, kwa sababu wengi walimtambua. Alikuwa Hyasinta, mke wa Valeriani.

Kicheko cha Valeriani kilikatika.

"Hyasinta, shusha mkono."

Mkono haukushuka.

"Nimesema shusha! Wewe ulimpa mtoto ule unga? Nani alikwambia umpe?"

"Si wewe?" Hyasinta alimtazama mume wake kwa mshangao wa kweli. "Kila siku unasema ni wa familia nzima."

"Nilisema kwa wateja!"

Neno lile lilitoka bila kipaza sauti, lakini uwanja wote ulilisikia. Kopo moja lilianguka, kisha la pili. Watu walikuwa wakiyaachia.

Sairowua alishuka kwenye lori, mgongo ukimwaka moto, akaenda mpaka mezani.

"Ulimpa vijiko vingapi, dada?"

"Vitatu kwa siku. Wiki tano sasa." Hyasinta aliikaza kanga ya mgongoni. "Lakini tangu juzi sijampa. Nilibana ili makopo ya leo yatoshe."

Kutoka ndani ya kanga mkono wa mtoto ulikuwa umetoka nje, mnene, unang'aa, ukining'inia. Hyasinta alipogeuka, mkono ule uligonga ukingo wa meza, na mtoto hakuurudisha ndani.

"Ameamka saa ngapi leo?" aliuliza Sairowua.

"Hajaamka," alisema Hyasinta. "Nikamshukuru Mungu kwamba leo ametulia."